Mume Wangu Yuaja, na Kidevu Changu Hakitazamiki

Bi Kuluthum, shikamoo, na uniwie radhi kukuletea jambo ambalo hata dadangu wa tumbo moja sijamwambia. Mimi ni mke wa mtu, umri wangu miaka thelathini na mmoja, kwetu ni Jomvu Kuu na nimeolewa hapa Magongo, naishi na mavyaa wangu. Mume wangu Salem ni mpishi katika kambi ya wafanyakazi huko Uarabuni, mwaka wa pili huu hajatia mguu nyumbani, na sasa tikiti imekatwa, zimebaki wiki tatu, mavyaa ashaanza kupaka rangi chumba chetu, na mimi badala ya kufurahi najifungia bafuni na kioo nalia, kwa sababu nimeota ndevu.

Naam, ndevu. Nimeliandika na mkono haujakatika.

Zilianza mwaka jana, tatu tu chini ya kidevu, nikazing'oa kwa kikoleo, zikarudi na jamaa zao, nikanunua wembe nikanyoa, siku ya pili nikijipapasa ni kama brashi ya viatu, na huku nasikia wanawake wenzangu wasema ukinyoa mara moja umejifunga, zitatoka za dume. Nikaogopa nikautupa wembe, nikanunua krimu ya kutoa nywele kwa duka la vipodozi hapa barabarani, pakiti imeandikwa dakika tano nami nikasema hizi zangu ni sugu, nikaiacha dakika ishirini, wallahi Bi Kuluthum ngozi ilitoka pamoja na nywele. Ikaniachia alama nyeusi kama kifuniko cha soda. Kabla haijapoa vizuri nikajipikia halawa ya kutolea nywele, sukari na ndimu kama nilivyofanyiwa siku za harusi yangu, lakini nilipika peke yangu na kwa haraka mavyaa asije akauliza, nikaipaka ingali moto, na sasa juu ya alama kuna vipele.

Utauliza kwa nini sikumwambia mtu mapema. Nilipoolewa, somo wangu, yule bibi aliyenifunda siku saba ndani, alinivuta sikio akanambia, "Mume asikuone ukijinyoa, wala ukijing'oa, wala ukijipaka. Aone kilichokwisha." Neno hilo nimelishika miaka sita, Salem hajapata kuniona hata na povu la dawa ya meno mdomoni. Basi ndevu ziliponizidi, na yeye alikuwa akinipigia video kila siku baada ya Alasiri, nikaanza kupokea chumba kikiwa na giza, kisha nikasema kamera imeharibika, kisha nikaona jambo jepesi ni ninja, ile nikabu ya kuacha macho tu. Navaa ninja chumbani kwangu, juu ya kitanda changu, nikizungumza na mume wangu wa halali. Siku moja mavyaa akanikuta hivyo, akadhani nimeshika dini, akawatangazia majirani kwamba mkwewe amejisitiri mpaka ndani ya nyumba, na sasa wanawake wa mtaa waniomba niwaombee dua, nami naona haya hata kuinua mikono mbele ya Mungu.

Salem mwanzo alicheka, akasema ataniletea ninja ya kulalia. Kisha akaacha kucheka. Mwezi uliopita alinambia taratibu, "Mke wangu, sikuja huku kutazama kitambaa. Kama umenichoka nambie mwenyewe, nisije nikaambiwa na watu." La kujibu nilikuwa nalo, na nikanyamaza. Tangu siku ile hapigi video tena, hutuma sauti ya nusu dakika, habari za nyumbani, mama ameamkaje, haya kwaheri.

Bi Kuluthum, namtamani mume wangu mpaka naona aibu kuandika. Ile nusu dakika naisikiliza mpaka simu inaisha chaji. Nikipika mkate wa sinia, yeye hupenda pale ukingoni palipokauka, nami nakata ukingo namwekea kando, nakuja kukumbuka sinia ishapoa. Na kinachonimaliza zaidi ni tabia yake moja. Nikinuna, Salem hunishika kidevu kwa vidole viwili, akanigeuza nimtazame, akangoja mpaka nicheke. Hata uwanja wa ndege siku anaondoka alinifanyia hivyo mbele ya mamake. Miaka miwili navingojea vidole vile viwili, na ndivyo hivyo hivyo naviogopa. Akija atashika nini?

Nimepanga kumwambia mavyaa kuwa mamangu ni mgonjwa, niende Jomvu Kuu nikae huko wiki atakayofika, mpaka kidevu kipone. Jirani yetu Purity ana saluni na ajua kutoa nywele kwa uzi, lakini naogopa akiziona mtaa mzima utapata habari. Nambie nishike lipi kati ya wembe, krimu, halawa na uzi, au ile mashine ya miale wanayoitangaza, ziishe zote kabla hajashuka kwenye ndege. Na kama yafaa kujua, siku zangu nazo zimekuwa zikiruka miezi miwili, mitatu, tangu mambo haya yaanze.

Mwenye Ninja, Magongo

*

Marahaba mwanangu. Ningekuwa karibu nawe ningekupokonya hicho kioo kwanza, kisha ndipo tuzungumze.

Nimepamba maharusi Kisauni miaka ishirini na sita kabla magoti hayajanikatalia, na siri ya kazi hiyo ni hii: nyuso zisizo na unywele nilizozishika hazijai kiganja. Mabinti wa matajiri, mabinti wa masheikh, warembo wa kusimamisha watu njiani, wote nimewatoa masharubu. Kwa hivyo pole sana kwa machozi yako, lakini si ajabu ya dunia wewe.

Ila krimu dakika ishirini, mama? Aliyeandika tano alikuwa na sababu yake. Ngozi haijapona ukaitia ndimu na sukari ya moto. Hivyo hutayarishwa samaki, mwanangu, si uso wa mtu.

Sasa nisikize. Siku kumi kuanzia leo kidevu hicho hakiguswi na chochote, si kikoleo, si wembe, si dawa ya jirani. Kioshe kwa maji na sabuni isiyo kali, ukipake mafuta ya mgando kidogo, ukikinge na jua. Vipele vikitoa usaha, usivibinye, mwonyeshe daktari. Krimu na halawa zisahau safari hii, zote mbili huondoka na ngozi na yako haina ya kutoa. Kikishapona, kama nywele zakukera, rudi kwa wembe. Wembe mpya, wako peke yako, kidevu ukiloweshe kwa maji ya uvuguvugu na povu jingi, ushuke nazo zilivyolala, usizipande. Na hilo la kwamba zitatoka za dume ni maneno ya barazani. Wembe hukata juu, hauingii kwenye shina, unazihisi ngumu kwa kuwa ncha imekatwa tu. Uzi nao ni mzuri, hasa kwa mkono unaojua, lakini ngozi iwe nzima. Ikiwa nzima, siku mbili tatu kabla Salem hajafika, ingia kwa Purity. Mwenye saluni akianza kutangaza anayoyaona kwenye nyuso za watu atabaki na viti vyake. Mashine ya miale haimalizi kitu kwa wiki tatu, yataka miezi, na usiisogelee kabla hujaonwa na daktari wa ngozi. Na ile alama nyeusi sitakudanganya, siku ya ndege itakuwa ingalipo.

Halafu lililo kubwa kuliko yote umeniandikia mwisho kama salamu. Nywele zimeanza ghafla na siku zinaruka, hayo hayatibiwi na mimi wala na sukari. Huenda ni homoni, na mwenye kujua ni daktari. Wiki hii nenda hospitali, umweleze mambo yote mawili kwa pamoja, usimfiche moja. Wengi wametibiwa wakatulia.

Nakuja kwa somo wako. Simkosoi, nami nimefunda. Alikwambia mume asione kazi ikifanywa, na mimi huwaambia hivyo hivyo mabinti. Lakini alikuwa akizungumza na mke ambaye mumewe hurudi jioni akamkuta. Hakuzungumza na mke ambaye mumewe ana kioo cha simu tu cha kumuonea. Umelishika neno lake mpaka umelivunja, umemficha Salem kazi, ukamficha na uso wenyewe.

Hebu keti mahali pake. Mwanamume yuko mbali, mkewe jana alikuwa na uso, leo hana. Unadhani anawaza ndevu? Hakuna mwanamume atakayewaza ndevu. Anawaza mtu. Anawaza kuna mwanamume mwengine hapo Magongo, na ulipoulizwa ukanyamaza, na ukimsingizia mamako ugonjwa ukaenda zako Jomvu siku ambayo yeye anatafuta uso wako pale uwanja wa ndege, basi utakuwa umemjibu. Kwa hivyo huendi. Mamako muombee uzima, usimtie ugonjwa. Na mavyaa wako umwambie ukweli mkiwa wawili, hizo sifa za dini zikutoke shingoni. Ni mtu mzima yule, akianza kucheka mtazame kidevu chake vizuri.

Nitakwambia na langu, ambalo gazetini sijapata kulisema. Nami hunyoa kidevu, tangu nilipojifungua wa pili. Nilikuwa nikinyolea uani kila Alhamisi, mlango nimeurudisha, marehemu mume wangu Suleiman asijue. Na kila Alhamisi akirudi kazini alikuwa akifika pale mlangoni anakohoa, anasimama kidogo, anakohoa tena, ndipo anaingia. Mimi nikishaficha wembe namuonea huruma na kile kifua chake, namchemshia tangawizi na asali, naye anakunywa hasemi neno. Miaka kumi na tisa. Mwaka aliougua, hawezi tena kuinuka, alinishika mkono akanambia, "Kuluthum, mimi sikuwa na kikohozi. Nilikuwa nakupa nafasi."

Alijua siku zote, mwanangu. Miaka kumi na tisa tungekaa pale uani tukacheka, yeye akanishikia kioo, nami nilichagua kujificha. Ametutoka mwaka wa saba huu. Alhamisi bado nanyoa, mlango siurudishi tena, na chochote nilicho nacho ningekitoa nisikie mtu akikohoa pale.

Wako yu hai, na simu anayo. Leo baada ya Alasiri usingoje akutumie sauti, mpigie wewe, kwa video, uso wazi na alama yake, umwambie, "Salem, nimeota ndevu." Kisha nyamaza, umwache acheke.