Zamu ya Germaine

Kamina, Shaba
Tarehe 14 mwezi wa nane 1988

Mpendwa ndugu yangu mudogo Ferdinand,

Jambo sana kwako, na jambo kwa mulamu wangu, bibi yako Suzanne, na batoto bote. Muko namna gani kule Kinshasa? Kikohozi ya Suzanne ilipona? Sisi huku tuko bazima, Mungu anatuchunga. Bwana yangu Kalala anakusalimia. Tangu alitoka ku kazi ya chemin de fer, ile ya treni, iko analima tu, na mugongo inamusumbua kuliko chef yake wa zamani.

Suzanne alishaniambia desturi yako. Barua ya Kamina ikifika, unaiweka chini ya radio mupaka siku ya mushahara, juu unajua ndani iko na ugonjwa, na ugonjwa inaomba feza. Sikukasirika. Lakini sasa ile umeisha kuifungua, usiirudishe mule. Soma mupaka mwisho.

Ndiyo, Mama yetu Agar aligonjwa. Keti, nikuelezee vizuri.

Wakati Kalala alikuwa na kazi, carte yake ya kazi ilitufungulia mulango ya lopitalo. Siku alitoka, carte nayo ikakwisha. Njo sisi bamama ba cité, ba mutaa yetu, tulianzisha mutuelle. Kila nyumba inaleta mahindi wakati wa mavuno, tunaiweka pamoja mu depo ya kanisa, tunaiuzisha bei ikipanda, na yule anagonjwa, mutuelle njo inamulipia. Mahindi, hapana makuta, juu feza ya siku hizi inalala na nguvu, inaamuka bila nguvu. Na président njo minyi, dada yako. Cheka tu.

Mbele, ku dispensaire, kule banatibia bantu, balikuwa banatufokea sawa bantu banakuya kuomba. Sasa, mahindi iko mu depo, tulikwenda kwa basista, kisha tukakwenda kwa infirmier Likoke, muuguzi mwenye kutibia karibu na soko, tukauliza bei vile tunauliza samaki ya Bukama: unasikia ya huku, unapita ku meza ya pili. Likoke akapunguza bei ya sindano. Kusikia vile, basista bakatia magodoro mapya mu maternité, kule bamama banazalia. Ee Ferdinand, bale balikuwa banatufokea, leo banatuposa kama binti mwenye kusoma!

Ila likelemba ilikuwa bado mu vichwa vyetu. Unaijua: bote banatoa, mumoja anakula, mwezi unaofuata mwingine, zamu inazunguka. Bantu balizania mutuelle ni vile vile. Germaine, jirani yetu wa ku kisima, tangu tuanze hajagonjwa hata mafua. Basi asubuhi moja akavaa kikwembe yake ya sikukuu, akakwenda kwa Likoke, akapanda ku kitanda, akalala. Likoke akamuuliza nini inamuuma. Germaine akajibu kama hakuna kitu inamuuma, lakini zamu yake ilishafika, na anataka sérum, ile chupa kubwa ya maji ya kutundika. Tulicheka mupaka machozi. Yeye hakucheka.

Siku ya Mungu, ibada ilipokwisha, akasimama mu mukutano akasema tugawe mahindi, kila muntu arudi na yake. Bengi bakamuitikia, bale bote hawajagonjwa. Wiki ile ile, monganga wa lopitalo alituambia kama ile hernie ya Mama, uvimbe yake ya tumbo ya tangu zamani, inapashwa kupasuliwa mbio, ao itamuua. Mahindi ikigawanywa, hakuna njia ingine, ni kukuandikia weye, na barua inakawia mu njia.

Mama alikuwa amekaa ku benchi ya nyuma, mukono ku tumbo. Akasimama polepole.

«Germaine, mutoto wangu, zamu ya sasa ni yangu, na minyi nakupatia. Kamata yote. Lakini utaikamata pamoja na ugonjwa yake.»

Germaine akatazama ule mukono ya Mama, akautazama sana. Kisha akasema kwa sauti ya chini kama hapana, Mama achunge tu yake. Akakaa. Hakuna muntu alitaja tena habari ya kugawa.

Ferdinand, kifua yangu ilivimba. Nilitaka kupanda juu ya benchi na kuita cité yote ikuye kumuona. Huyu njo alituzaa, weye na minyi!

Balimupasua siku ya ine, mutuelle ikalipa yote. Leo anatembea, anagombeza kuku, anakataa uji ya Kalala kama haina sukari. Mule lopitalo, Germaine njo alikuwa anamuletea chakula. Na sasa, ku maombi ya bamama, anapiga magoti anaomba kwa nguvu: Bwana, zamu yangu isifike. Sisi bote tunaitikia amina.

Nisalimie sana Suzanne, na Noémie, na ule mudogo Émerence nisiyemuona bado. Mama anasema Mungu aweke mukono yake juu ya nyumba yenu, na musilale njaa.

Najua sasa unageuza karatasi, unatafuta ni wapi tunaomba. Geuza, ndugu yangu, tafuta vizuri. Hatuombi kitu. Tulikuwa tunataka tu kukusalimia.

Ni minyi dada yako, mwenye kukupenda sana,
Marie-Thérèse Mwadi