KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA DHARURA CHA KWAYA: KIPANYA KILICHOTUIMBISHA WIMBO WA MSIBA HARUSINI

Mahali: chumba cha mazoezi, nyuma ya duka la vioo
Siku: Jumatano jioni
Waliohudhuria: Mwenyekiti; Mwalimu wa kwaya; Shangazi (wa Mwenyekiti), mwendesha kompyuta; Katibu; Fundi wa kompyuta, mwalikwa
Hakuhudhuria: Mweka hazina, kwa udhuru. Ndiye bwana harusi.

KUMB. NA. 1/D: KUFUNGUA
Mwenyekiti aliwaomba wajumbe wasicheke. Ombi halikutekelezwa.

KUMB. NA. 2/D: TUKIO LA JUMAMOSI
Mwalimu alieleza kwamba mbele ya maharusi, maneno yanayoonyeshwa ukutani yaliruka kutoka wimbo wa harusi hadi wa msiba. Waimbaji wa sauti ya nne, ambao huimba chochote kilicho mbele yao, waliuimba mpaka mwisho. Alipendekeza Shangazi aondolewe kwenye kompyuta, kwa kuwa mkono wake umechoka.

Shangazi, ambaye tangu apasuliwe koo haimbi tena, alijibu kwa mnong'ono: "Nilizungusha gurudumu la kipanya mara moja tu, mwanangu. Mkinitoa hapo nikakae wapi? Pamoja na wageni?" Katibu aliumia moyoni.

KUMB. NA. 3/D: UCHUNGUZI
Fundi alifungua mipangilio ya kipanya, akaonyesha kwamba gurudumu lilikuwa limewekwa liruke ukurasa mzima badala ya mistari michache. Aliuliza nani aliyeligusa. Mwalimu alikohoa.

Baada ya kikohozi, Mwalimu alieleza kwamba Ijumaa alitafuta wimbo ulio mwisho kabisa, akaona kusogeza kidogo kidogo kunamchosha. "Nikasahau kurudisha," alisema. Mwenyekiti alianza methali ya nyani, akakumbuka shangazi yake yumo chumbani, akaiacha njiani. Shangazi aliimalizia.

KUMB. NA. 4/D: MAAMUZI
Gurudumu liliwekwa lisogeze mstari mmoja kila linapozungushwa. Wajumbe walisimama kujaribu wimbo wa harusi, Shangazi akishika kipanya. Ilibainika kwamba Shangazi husogeza mstari pale waimbaji wanapovuta pumzi, naye huvuta pamoja nao. Kufikia ubeti wa pili Mwalimu alishusha mikono, akaanza kumfuata yeye. Aliondoa hoja yake bila kuombwa.

KUMB. NA. 5/D: KUFUNGA
Kikao kilifungwa saa kumi na mbili, beti zote zikiwa zimeimbwa. Kwa pendekezo la Mwalimu, Katibu aliagizwa kurekebisha mahudhurio hapo juu yasomeke: Shangazi, mwimbaji.

Mwenyekiti: ..................
Katibu: ..................