Wimbo Ambao Haujajibiwa

Nashville, Tennessee
9 Machi 1974

Kwako Kaka Estill,

Nakusalimu sana wewe, wifi yangu Orpha na watoto, na yule ng'ombe mwekundu pia kama bado yupo. Nauliza hali yako, na safari hii siulizi kwa mazoea. Orpha aliniambia kwenye simu ya dukani kwamba kikohozi cha mgodini kimekukaba majira yote ya baridi, na kwamba ukipanda kilima cha kanisani unasimama katikati ukijifanya unatazama uzio wa jirani. Kaka, huo uzio umeshautazama vya kutosha. Nenda kwa daktari. Mimi ni mzima wa mwili. Nakula, nalala, na viatu ninavyo.

Najua hupendi kupokea barua zangu tangu tulipomzika Mama, au niseme tangu ulipomzika, maana mimi sikuwahi. Nilikuwa safarini nikiitangaza santuri yangu ya pili, habari ikanifuata mji hadi mji, na nilipofika bondeni kwetu kaburi lilikuwa limeshafukiwa na watu wanakula mezani. Hukunifokea. Ulisimama kwenye ngazi za nyumba umevaa shati jeupe, ukasema tu, "Umechelewa, Delphia. Wimbo umeshajibiwa." Ukaingia ndani. Tangu siku ile mimi naandika kwako na anayejibu ni Orpha. Basi hii isome hata kama umenuna, kwa sababu inakuhusu wewe na kanisa zima, na nataka uyasikie haya kwangu kabla hujayasikia kwa Dada Verna, ambaye akilishika jambo dogo jioni, asubuhi limeshazaa.

Santuri ya kwanza unaijua. Niliirekodi New York nikiwa na gitaa langu tu, nimekaa kwenye kiti cha jikoni, na magazeti yakasema mimi ni sauti ya milimani. Mama aliitundika picha ya jalada karibu na kalenda. Ya pili ndiyo iliyonimaliza. Waliniwekea ngoma, vinanda na fidla nyingi, na nilipoisikiliza nilikuwa nikijitafuta mle ndani sijioni. Haikununuliwa. Kampuni ikaniambia kwa upole mwingi kwamba kwenye mkataba imebaki santuri moja, na nikajua maana ya upole ule. Mwanamke wa umri wangu akifukuzwa hapa na kampuni moja, nyingine hazimfungulii mlango. Ningerudi kwenye kushona nguo za watu, kazi ambayo Mama alisema ninaifanya kama mtu anayefunga gunia.

Hii ya tatu nimeifanyia hapa Nashville na mtu anayeitwa Kessler. Yeye ndiye mtayarishaji, yaani ndiye anayeamua kipi kibaki na kipi kitupwe. Si mtu mbaya, na nakuomba usije ukamfanya shetani. Anavuta sigara mfululizo, anavaa tai hata akiwa peke yake, na wimbo ukimgusa anavua miwani. Nyimbo nyingine zote zilikwenda vizuri. Iliyotutesa ni moja, ile niliyoitunga baada ya kutoka kwenye kaburi la Mama. Inaanza kwa kuuliza, "Mama, nani kakuwashia jiko asubuhi ya leo?" na inaendelea hivyohivyo kwa maswali mpaka mwisho.

Niliutunga juu ya mwendo wa ule wimbo wa mazishi unaoutoa wewe kanisani mstari kwa mstari, watu wakikujibu kila mstari, bila gitaa. Sikukusudia. Ulikuja hivyo, na kwa msiba wa Mama nisingejua kulia kwa namna nyingine. Basi nikaingia studio, nikasimama mbele ya kipaza sauti, nikatoa mstari wa kwanza. Kisha nikanyamaza, nikainua kidevu, nikasubiri.

Kessler akauliza kutoka nyuma ya kioo kama nimesahau maneno. Nikamwambia hapana. "Sasa dada, unasubiri nini?" Nikajibu bila kufikiri, "Nasubiri wajibu." Akauliza akina nani. Nikageuka nikatazama chumba. Kulikuwa na piano na kikombe changu cha kahawa. Fundi wa mitambo, mzee anayeitwa Dub, akacheka mpaka akashika meza. "Jamani huyu anasubiri kanisa!" alisema. Na mimi nilicheka, lakini uso ulikuwa unaniwaka.

Tulirudia. Nikijaribu kuunganisha mistari moja kwa moja, pumzi inaisha na maneno yanakanyagana. Nikiacha nafasi, Kessler anasema pale pana shimo, na mtu hauzi shimo. Siku ya pili akaleta mabinti wa kukodi wanijibu. Walikuwa wazuri, sauti za sukari, na walijibu wote kwa pamoja, kwa wakati mmoja, kama watu waliovuliwa kofia na upepo mmoja. Niliwashukuru nikaenda chooni kulia. Kwetu nani anajibu hivyo? Ukitoa mstari, Mzee Arvil anatangulia, Verna anapanda juu anakokujua mwenyewe, kina Lovell wanaburuta chini, na Mama anafika nyuma ya wote, taratibu, kama mtu aliyebakia kufunga mlango. Nilimweleza Kessler haya yote. Alivua miwani.

Laiti ningenyamaza. Wiki iliyofuata alikuja na kanda. Unamkumbuka yule mwanafunzi wa chuo, mwenye mashine ya kurekodia, aliyekuja kanisani kwetu mwaka ule kabla Mama hajaugua? Yule aliyekula pai yote ya tofaa ya Orpha akasema ameshiba tangu asubuhi? Kessler alimtafuta akampata, na kijana akamuuzia kanda yenyewe. Ilikuwa na wimbo wa mazishi, wewe ukitoa mistari na kanisa likijibu. Kessler akamwambia Dub aicheze chini ya sauti yangu, majibu tu, kila mahali palipo na shimo.

Kaka, sijui nikuambieje. Mnavyouvuta ule wimbo, maneno yanayeyuka. Hakuna mgeni angejua kwamba mimi naimba haya na nyinyi mnaimba mengine. Nikauliza nani kakuwashia jiko, na bonde lote likanijibu. Na nyuma ya wote, taratibu, akaja Mama. Dub alikuwa anafuta macho kwa kitambaa cha kufutia mashine. Kessler alisema kwamba huu ndio wimbo ambao mtu anautafuta maisha yake yote, kwamba kwa wimbo huu kampuni haitathubutu kuniacha, na kwamba Jumatatu ataziunganisha sauti hizo moja kwa moja. Akaniuliza, "Ndiyo au hapana?"

Nilisema ndiyo.

Nililijua sharti lako. Mama aliniandikia wakati ule, kwa fahari, jinsi ulivyosimama mbele ya kanisa na kumwambia yule kijana arekodi kwa ajili ya masomo yake, lakini sauti za watu wale si za dukani, na hazitachezwa mahali watu wanapokunywa pombe. Na jinsi ulivyowageukia wazee ukawaambia, mimi Estill nabeba neno hili, likivunjwa niulizwe mimi. Nilijua hayo yote na nikasema ndiyo, na nilirudi nyumbani nikiimba ndani ya basi. Sitakudanganya kwamba nilisumbuka. Nilikuwa na furaha. Nilikuwa nimerudishiwa Mama, na kazi yangu juu yake.

Ijumaa nikaenda studio mapema kumwomba Dub anisikilizishe kanda yote, mwanzo hadi mwisho, kwa tamaa tu ya kumsikia tena. Wimbo ukaisha. Kikasikika kishindo cha mabenchi, mtoto analia, kisha karibu kabisa na mashine sauti ya yule kijana ikimshukuru mtu. Na Mama akasema, hivi ninavyokuandikia, "Asante ya nini, mwanangu, hujala bado. Ila wewe unatembea sana na hicho kisanduku chako. Ukikutana na binti yangu huko, Delphia, anaimbaimba, mwambie aache kumeza maneno ya mwisho. Na avae viatu vya maana, ana miguu ya baridi yule." Ukasikika wewe ukicheka, unamwambia, "Mama, dunia siyo bonde hili, atakutana naye wapi?" Akakukata, "Nani kakuuliza wewe?" Kanda ikaisha.

Nilikaa chini kwenye sakafu. Miaka yote ile ujumbe wangu ulikuwa unazunguka ndani ya kisanduku cha mtu. Na Estill, kicheko chako. Nilikuwa nimesahau kwamba ulikuwa unacheka. Nikafikiri, Jumatatu Kessler atachukua mkasi, atakata pale wimbo unapoishia, haya mengine yataanguka sakafuni, na Mama atabaki kuwa kitu cha kuzibia mashimo yangu. Halafu atachezwa kwenye baa. Na wewe Jumapili utasimama mbele ya Mzee Arvil na kina Lovell kutoa mstari, na hawatakujibu. Hakuna kingine walicho nacho cha kukuadhibu, ila hicho kinatosha kumuua mtu.

Nilimwambia Kessler hapana. Alidhani natania. Kisha akasema kanda ni yake, kaipata kihalali, jalada limeshachapwa na jina la wimbo limo, na kwamba nikishatulia nitamshukuru. Hakupiga kelele. Alinipa hata sigara, mimi nisiyevuta. Akaenda kula chakula cha mchana.

Sasa fungua kifurushi kilichokuja na barua hii, kama Orpha hajakifungua. Ndiyo kanda yenyewe. Nimeichukua, Kaka. Dub aliniona nikiitia kwenye mkoba. Akasema anakwenda kuchemsha kahawa, na kahawa ile aliichemsha kwa muda mrefu kuliko kahawa yoyote duniani. Hakuna nakala, nilimuuliza. Kessler ameiita wizi na sina la kumbishia. Kampuni imeshaniandikia kwamba baada ya santuri hii hawatanihitaji, na waliyemwandikia nakala ni kila mtu mwenye studio mji huu. Ninaogopa. Nakuambia hivyo wazi kwa sababu huku hakuna ninayeweza kumwambia. Kutunga nyimbo naendelea kutunga, kila siku, na sijui nani atazisikia. Wiki ijayo naanza kushona kwa mama mmoja Mtaliani hapa jirani. Ameiona kazi yangu, ameguna.

Kanda hiyo huna mashine ya kuichezea, na najua hutaitafuta. Itunze au ichome. Neno ulibeba wewe, basi wewe ndiye wa kuamua. Ila kabla hujaamua, jua kwamba mwishoni umo unacheka na Mama.

Santuri itatoka mwezi wa tano. Orpha ataipata dukani, na mashine yake ya santuri inatosha. Wimbo wa Mama ni wa mwisho, upande wa pili. Jalada lilikuwa limeshachapwa, kwa hiyo Kessler hakuweza kuutoa, na mabinti wa sukari niliwakataa. Akanirekodi upya huku amekasirika, nikauimba mara moja tu. Sikumeza maneno ya mwisho. Na kila mstari unapoisha nimeacha kimya, kirefu, kile kilekile cha kanisani. Kessler anasema watu watadhani sindano imekwama, wataipiga santuri kofi. Waache wapige. Nilipokuwa nasubiri pale nilikuwa nahesabu pumzi yako, ile ya zamani kabla ya kikohozi. Kama sasa haikutoshi, jibu hata nusu mstari.

Siku ile kwenye ngazi uliniambia wimbo umeshajibiwa, na ilikuwa kweli. Huu haujajibiwa. Sikuombi uandike. Sikuombi unisamehe mbele ya watu. Siku moja Orpha akiwa ameenda kukamua, funga mlango, weka sindano, na nikinyamaza usidhani nimemaliza.

Nisalimie watoto wote, na Mzee Arvil. Mwambie Dada Verna nimemsikia, na bado anapanda juu kuliko wimbo unavyohitaji. Orpha mwambie ile pai aliyoimaliza yule kijana nitamlipa mimi. Na wewe, tafadhali, kuhusu daktari.

Mimi mdogo wako, ninayesubiri nikiwa nimevaa viatu,

Delphia