Barua ya Mfereji Niliyokataa Kuiandika

Kaka yangu Nderingo, shikamoo. Na mama nampa shikamoo yake hapo alipoketi na mguu wake. Anaendeleaje? Ameanza kukanyaga chini, au bado mnamwinua? Mimi mwili ni mzima. Homa ya huku Tanga ilinilaza wiki mbili ikaniacha, na joto lao nimeanza kulizoea. Moyo ndio haujatulia, na sababu utaisikia.

Mwalimu Petro, najua ni wewe unayewasomea. Tafadhali soma yote kama yalivyo. Usiruke mahali kwa kunionea haya.

Kaka, yule mpagazi uliyempa salamu alinipata. Akanieleza kwamba tangu Mzungu wa shamba la juu ageuze maji ya mfereji wetu yaende kwenye kahawa yake, mama huteremka mtoni na kibuyu, na kwamba siku ya mvua aliteleza kwenye ile njia ya mawe akavunjika mguu. Nikamuuliza, kaka yangu anasemaje? Akanijibu, "Anasema wameshazoea. Anasema wewe mwenyewe uliwaambia hakuna la kufanya."



Unakumbuka ulivyonijia barazani pale shuleni Nkoaranga? Ulikuwa na mkungu wa ndizi begani, jasho linakutoka. Ukaniambia, "Mdogo wangu, niandikie barua ya mfereji, ya kupeleka boma kwa wakubwa wa serikali. Maneno ninayo mimi, wewe tia wino tu. Nitaipeleka Arusha kwa miguu yangu." Nikakujibu bila hata kukutazama, "Boma hawapokei barua za watu kama sisi. Nimeshauliza." Ukasema, "Basi. Wewe ndiye uliyesoma." Mkungu ukaniachia, ukasema huwezi kupanda nao mlima tena.

Kaka, sikumuuliza mtu yeyote. Nilikudanganya.

Upande wetu wote wa mlima waliojua kuandika tulikuwa wawili, mimi na Mwalimu. Mwandiko wangu boma waliujua, maana ndimi niliyemwandikia mangi, mkuu wetu, majina ya watu wa kazi. Na siku zile nilikuwa nangoja cheti cha bwana mkubwa wa boma cha kuja kufanya kazi huku. Nikaona nikigusa tu habari ya mfereji, cheti kimekwenda. Nikajiambia watu wetu ni wavumilivu, maji watayapata mtoni. Ni rahisi kusema hivyo wakati anayeteremka na kibuyu si wewe. Cheti nikakipata, nikaja zangu, na wewe ukawatuliza majirani wote kwa neno langu la uongo.

Sasa sikia nilichokiona. Hapa ofisini kwenye boma la Tanga asubuhi nafagia, mchana nampangia karani barua. Mwezi uliopita alikuja mama mmoja wa Kibondei, karatasi ameifunga kwenye pindo la nguo. Mzungu jirani yake alikuwa amesogeza mpaka wa shamba hadi kwenye mihogo yake. Barua ilikuwa ya mistari minne, mwandiko mbaya kuliko wangu nilipoanza shule. Bwana wa boma akaisoma pale pale, akampangia siku ya shauri. Mimi nimesimama na ufagio, nasikia yote. Mihogo yake alirudishiwa.

Sitaki kukudanganya mara ya pili. Barua nyingine hutupwa kikapuni, na nimezichoma kwa mikono yangu. Lakini hupokewa, kaka. Zilikuwa zikipokewa hata siku ile.

Ndani ya barua hii kuna nyingine, ya boma la Arusha. Nimeandika maneno yako kama ulivyonitajia: kwamba mfereji aliuchimba babu na wenzake, na zamu za maji zilivyokuwa. Nimeongeza mguu wa mama. Chini nimetia jina langu, si lako. Wakikasirika watamtafuta aliyeandika, na wanajua nilipo. Mwalimu akusomee mbele ya majirani. Mkikubali, ipeleke. Ukiona umechoka, itie motoni, sina mdomo wa kukulaumu. Ila usiseme tena kwamba mmezoea, maana mazoea hayo niliwapa mimi.

Mama usimfiche. Akikataa kusikia jina langu, mwache, ni haki yake.

Nisalimie shemeji yangu Ndeshi, anayemwogesha mama kwa niaba yangu mimi niliye mbali. Nisalimie baba mdogo Sambweti, aliyekuwa akigawa zamu za maji. Mwambie nimemtaja kwenye barua ya boma kuwa shahidi, kama hatakataa. Mwalimu, nawe nakushukuru kwa sauti yako.

Ndimi mdogo wako Elifasi, niliyezila ndizi zako zote na barua nisikuandikie.