Ni Mimi Niliyegusa Jeep ya Mama Sifa

Yaya wangu mpendwa, ndugu yangu mkubwa,

Habari za huko Salamabila? Sisi huku Kasongo tuko salama. Baba anakohoa kidogo, lakini anakula vizuri na anagombana na kila mtu, basi usiwe na wasiwasi. Barua hii naituma wazi, bila bahasha, kwa mikono ya wenye pikipiki wanaopanda huko. Wakitaka kuisoma njiani, waisome.

Unakumbuka siku nilipoingia garaje kujifunza kazi? Baba aliuliza, "Mutoto mwanamuke atafanya nini chini ya gari?" Ulinitandikia kipande cha katoni pale chini, ukaniambia, "Lala, angalia, usiguse bado." Niliangalia miezi mingi. Halafu ukanifundisha karabirateri, ile inayochanganya hewa na mafuta ya gari: unazungusha skrubu kidogo kidogo huku unasikiliza, mpaka motere ingurume sawasawa. "Motere iko inasema yenyewe," uliniambia. "Weye sikiliza tu." Na tulijua kazi, Yaya, nisijifanye mnyenyekevu. Toka hapa mpaka Kabambare hapakuwa na karabirateri iliyotushinda.

Ndipo ikaja jeep ya Mama Sifa, yule mfanyabiashara wa mchele. Ilikuwa gari la kwanza kwetu lisilo na karabirateri, lenye kompyuta yake ndani. Wewe ulikwenda sokoni kutafuta buji, zile plagi za kuwasha moto, ukaniachia kazi ya kusafisha mdomo ule unaoingiza hewa kwenye motere. Pembeni yake kulikuwa na kijisanduku cheusi chenye skrubu mbili. Kilinizuia kupitisha kitambaa, nikakilegeza kwa kisu cha mezani. Wakati wa kukirudisha nikaona kinazunguka kushoto na kulia. Nikafanya nilichokijua: niliwasha motere, nikakizungusha taratibu mpaka mngurumo ukanipendeza, nikakaza. Kwa sikio! Nilijisifu hata moyoni. Uliporudi sikukuambia, niliona si neno.

Siku ya tatu jeep ilizima katikati ya mlima, kabla ya kufika Lusangi, ikarudi nyuma na kupinduka. Dereva alivunjika mkono, mchele wote ukamwagika matopeni. Mama Sifa alikuja kupiga kelele mbele ya watu wa soko, akakuita mwuaji wa magari. Baba akauliza, "Nani aligusa motere?" Uliniangalia mimi mara moja tu, kisha ukasema, "Ni mimi, Baba."

Nilijua kwa nini. Ungetaja jina langu, garaje ingefungwa kwangu siku ile ile. Nami nikanyamaza. Nilijiambia kosa ni la esanse, yaani petroli, maana huku kwetu gari likikohoa tu, kila mtu anasema esanse ya madumu imetiwa maji. Juma lililofuata ukaondoka kwenda huko Salamabila. Mwaka wa pili huu unatengeneza pompu za wachimba dhahabu, na nasikia hadithi ya jeep ilikufuata mpaka huko, wanakucheka nayo. Inaniuma, Yaya. Imeniuma siku zote.

Juma lililopita jeep hiyo ilirudi kwetu ikivutwa kwa kamba. Mafundi wengine walikuwa wamebadilisha buji, chujio, hata pompu ya esanse. Dereva akanieleza, "Unakanyaga, inafikiri kwanza. Kisha inaruka gafula. Ukiondoa muguu, inazima." Safari hii sikutega sikio. Siku hizi najua kwamba kijisanduku kile ndicho kinachoiambia kompyuta mguu umekanyaga kiasi gani. Nikachukua kipimo cha umeme. Bila mtu kukanyaga, kilitakiwa kuonyesha karibu nusu volti. Kilionyesha moja na zaidi. Yaani kompyuta ilikuwa inaambiwa mguu uko juu ya pedali, na ndani ya gari hamna mtu. Nikafungua kwa mkono mdomo ule wa hewa, polepole, namba ikapanda vizuri bila kuruka. Kijisanduku kilikuwa kizima, kimekaa upande tu. Nilipoinama kulegeza skrubu nikaona zimechubuka. Hakuna fundi anayefungua skrubu kwa kisu cha mezani. Zilikuwa zile zile nilizolegeza mimi.

Kisha nikafanya kazi. Nililegeza, nikazungusha kidogo sana, nikapima, nikakaza, nikapima tena, maana kukaza nako kunakisogeza. Nikapakia magunia, nikaenda mwenyewe mpaka mlima ule ule. Nilisimama katikati kwa makusudi, nikaondoka tena. Ilipanda bila kukohoa. Kazi hii naijua sasa, na aliyenifundisha ni wewe.

Jioni niliwaita Baba na Mama Sifa, nikawaambia yote. Baba akauliza, "Yeye alijua?" Nikamwambia ulijua ni nani alibaki na ile motere. Aliingia ndani, hakula. Mama Sifa akasema, "Basi nilimutukana mutu bure." Halafu akanipa funguo za jeep. Anataka mchele wake ufike Salamabila, na anataka niupeleke mimi.

Kwa hiyo Alhamisi nakuja. Nitasimamisha gari pale pale unapotengenezea pompu, wachimbaji wakiwa wamejaa. Sitakusalimia kwanza, uniwie radhi. Nitawaambia wao kwanza, kwa sauti, ni nani aliyeiharibu jeep ile na ni nani aliyesema "ni mimi." Wakishasikia wote, ndipo nitakuja kukushika mkono. Ukikataa kunipa, nitaelewa. Lakini hakuna atakayekucheka tena.

Ni mimi mdogo wako, niliyenyamaza.