Fimbo Sita Mlangoni

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Nkatha Mwirigi
Umri: Miaka 58
Kazi: Mhudumu katika makao ya wazee
Makazi: Flemingdon Park, Toronto
Lugha: Kiswahili, kwa ombi la shahidi
Tarehe na saa: Jumapili, 28 Septemba 2025, saa saba na dakika arobaini mchana
Anayeandika: Konstebo Kawthar Abdalla

Mimi niliyetajwa hapo juu nimekuja kituoni kwa miguu yangu. Sikuitwa na mtu.

Kabla ya mengine yote naomba liandikwe hili, na afande apige simu sasa hivi. Mama Thacienne Ndayizeye, anayetafutwa ziwani tangu asubuhi, hakufika ziwani. Hata kwenye gesti hakufika. Atafutwe nyuma, kule nyikani, kati ya kibao cha njia panda na madaraja mawili ya mbao. Mimi ndiye niliyewaambia polisi wa kule kwamba alifika gesti jana jioni. Sikumwona. Niliona fimbo yake.

(Maandishi yamesimamishwa saa saba na dakika arobaini na nane ili afisa awapigie simu wanaofanya msako. Yameendelea saa nane kamili.)

Sasa naeleza kutoka mwanzo. Mimi ni kiongozi wa kikundi cha matembezi cha kanisa letu. Wenzangu wananiita Sajenti, nami sijawahi kuwakataza. Mwezi wa sita mwakani tumealikwa na kanisa moja la Uskoti, tutembee nao siku tano kwenye nyika za kwao, tukilala gesti hadi gesti. Watu wa umri wetu huwezi kuwatoa kwenye lifti ya ghorofa ukawapeleka kilomita mia moja bila mazoezi. Kwa hiyo tangu Mei, kila mwezi, tunakwenda kaskazini mwa jiji, mwendo wa saa mbili na nusu kwa gari. Kule kuna nyika ya mawe, vichaka na ardhi nyeusi inayobonyea kama godoro. Tunatembea Jumamosi, tunalala kwenye gesti ya Mzee Feroz, tunarudi Jumapili. Mzee Feroz alizaliwa Morogoro. Chai yake ina tangawizi, na hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya kumchagua.

Mama Thacienne ana miaka 63, ni Mrundi, na ana kazi ya kutandika vitanda katika hoteli moja mjini. Nilipomuuliza mara ya kwanza kwa nini anataka kujiunga, alisema: "Nimeisha kutembea mbali, toka kwetu mpaka Kigoma, watoto mgongoni. Nataka nitembee mbali mara moja bila kufukuzwa na mtu." Sikumuuliza tena. Nilimpa fimbo, naye akaifunga kitambaa cha kitenge cha kijani juu ili isichanganywe na za wengine.

Mnamo tarehe 27 Septemba, Jumamosi, saa kumi na mbili asubuhi, tuliondoka Flemingdon Park kwa gari la kanisa. Dereva alikuwa Mugambi. Yeye hatembei. Anatushusha upande wa mashariki wa nyika, kisha anakwenda kutungoja gesti upande wa magharibi. Watembeaji walikuwa mimi, Mama Thacienne, Mzee Onyango ambaye ni fundi wa mabasi aliyestaafu, dada Cherono, na Josaphat na mkewe Consolata. Kila mmoja alikuwa na fimbo yake.

Saa nane kasoro dakika kumi mchana sisi wanne wa mbele tulifika kwenye kibao cha njia panda. Hapo njia ya kushoto inashuka hadi barabara ya lami, kilomita tano mpaka gesti, kwa aliyechoka. Njia ya mbele inakata nyika, kilomita saba. Nilitazama nyuma nikawaona Mzee Onyango na Mama Thacienne wakija polepole, wanaongea. Niliwapungia mkono, wakanipungia. Tukashika njia ya mbele. Hiyo ndiyo mara ya mwisho nilipomwona Mama Thacienne kwa macho yangu haya.

Yaliyofuata nimeyajua leo kwa Mzee Onyango, ambaye yuko nje kwenye benchi na anaweza kuulizwa. Pale kwenye kibao goti lake lilikataa. Mama Thacienne alimpa fimbo yake iwe ya pili, akamwambia: "Mzee, shika zote mbili, shuka na lami. Mimi nina miguu ya Kigoma." Kisha akatufuata sisi, peke yake, bila fimbo. Mzee Onyango alijua yuko nasi. Sisi tulijua yuko na Mzee Onyango.

Tulifika gesti saa kumi jioni. Mzee Onyango alifika saa kumi na moja kasorobo, nami wakati huo nilikuwa bafuni. Kwenye mlango wa Mzee Feroz kuna pipa la bati ambamo tunatumbukiza fimbo. Saa kumi na moja na nusu nilishuka nikaangalia pipa. Fimbo sita. Ya kijani ilikuwemo. Nikapanda chumbani na moyo mweupe.

Nimeulizwa na afisa kwa nini sikuhesabu watu. Najibu hivi. Mimi ni Mmeru, nimelelewa na bibi yangu, na kwake watu hawakuhesabiwa. Alikuwa akisema ukimnyooshea mtu kidole na kumtaja namba, umemwonyesha kifo pa kuanzia. Miaka ishirini na miwili niko Kanada, nimesoma, nina cheti, kazini nahesabu vidonge na sindano bila kukosea. Watu siwahesabu. Wazee wangu kazini nawaita majina, mlango kwa mlango. Safarini nahesabu fimbo. Kikundi kizima kinajua, na wananitania, ati Sajenti akiona fimbo ameshaona mwenyewe. Mimi nilikuwa nacheka nao.

Jana hata majina sikuyaita. Walikuwa wamechoka, huyu anaoga, yule amelala, nikaona nisiwasumbue.

Saa kumi na mbili na nusu tulikaa mezani. Mzee Feroz alileta sahani saba, za watembeaji sita na ya Mugambi. Moja ikabaki. Akaniuliza: "Mama, hii sahani ya nani? Mimi napika kwa hesabu." Nikamwambia ni ya Mama Thacienne, na Jumamosi huwa anafunga kwa ajili ya ibada ya kesho, anazima simu na kujifungia chumbani kuomba. Hilo ni kweli, hufanya hivyo kila safari. Mzee Onyango aliuliza, "Mama Thacienne yuko sawa?" Nikamjibu, "Yuko na Mungu wake, mwacheni." Akaridhika akaendelea kula. Mzee Feroz alifunika ile sahani akaiweka jikoni.

Leo asubuhi saa moja na nusu niligonga mlango wa Mama Thacienne. Kimya. Mzee Feroz alifungua kwa ufunguo wake. Kitanda kilikuwa kimenyooka, shuka limekazwa, mto umekaa katikati. Mzee Feroz akasema, "Hiki kitanda hapana mtu amelala." Nilimkatiza. Nilimwambia huyu mama ametandika vitanda hotelini miaka kumi na moja, akiamka hata inzi hawezi kujua kwamba alilala hapo. Mfuko wake haukuwepo. Nikasema ametoka kwenda kuomba kando ya maji, maana mwezi wa nane alifanya hivyo. Kila kitu nilikuwa na jibu lake. Najua watu wangu, ndivyo nilivyojidai.

Tulizunguka ziwa lililo karibu na gesti tukiita. Saa mbili na dakika kumi Mzee Feroz alipiga simu polisi. Walikuja haraka, wakatusikiliza vizuri, sina lawama kwao. Afisa wao aliniuliza aliyemwona mwisho ni nani. Mzee Onyango alianza kusema, "Mimi nilimwacha pale kwenye kibao," nami nikasema kwa sauti ya juu, "Hiyo ni jana mchana, Mzee. Jioni alifika." Mzee Onyango ni mtu mpole. Alisema, "Basi, kama alifika." Polisi wakaleta mashua.

Saa tatu binti wa Mama Thacienne, Ariane, alinipigia simu akiwa njiani kuja. Aliniuliza, akiniita shangazi kwa Kifaransa: "Tantine, wewe mwenyewe ulimwona mama? Na macho yako?" Nikamwambia, "Nilimwona, mwanangu." Nataka hilo liandikwe kama lilivyo. Sikukusudia kudanganya. Kwangu fimbo ilikuwa ni yeye. Lakini mtoto aliuliza macho, nami sikumjibu kuhusu macho.

Saa nne na nusu polisi walisema sisi wazee turudi nyumbani, watatupigia. Nilimwacha Ariane amesimama ukingoni anatazama watu wakipitisha fito ndefu ndani ya maji. Alikuwa amevaa slipa za nyumbani.

Saa saba na dakika kumi tulifika Flemingdon Park. Tulipokuwa tunashusha mizigo, Mzee Onyango alitoa fimbo mbili garini. Akanyoosha ile ya kijani akasema, "Sasa hii ya Mama Thacienne, nimpelekee Ariane ama ukae nayo?"

Nikamuuliza ameitoa wapi.

"Si alinipa jana pale kwenye kibao, hili goti likinisumbua. Nikaja nayo."

"Mzee, jana uliingia gesti na fimbo mbili?"

"Mbili, madam. Nilizitia zote kwenye ile pipa."

Nikakaa juu ya mfuko wa Consolata. Mzee Onyango alipoelewa, alivua kofia. Nilimwambia kosa si lake, na narudia hapa, kosa si lake.

Ningeweza kupiga simu. Lakini namba ya polisi wa kule nilimwachia Ariane na karatasi yenyewe, na kueleza kwa Kiingereza kwa nini mtu mzima anahesabu fimbo badala ya watu kungenichukua hadi jioni. Nilijua hapa kituoni kuna afande wa Kiswahili, kwa sababu alikuja kanisani kutufundisha habari za matapeli wa simu. Ni mwendo wa dakika ishirini. Leo nimeutembea kwa dakika kumi na tatu, na Mzee Onyango nyuma yangu na goti lake.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Najua nikisema haya watu watasema Nkatha alimpoteza mwenzake kwa ushirikina. Na waseme. Mimi naogopa kitu kimoja tu: jana usiku kule kulikuwa na baridi ya nyuzijoto sita, na leo tangu asubuhi watu wenye nguvu na mbwa na mashua wanatazama maji kwa sababu ya neno langu. Mama Thacienne alikuwa na koti la mvua la bluu na mfuko mdogo. Chakula chake cha mchana hakukila, kwa kuwa alikuwa amefunga, kwa hiyo mfukoni alikuwa na maandazi manne na chupa ya chai. Hilo nalo waambiwe. Baada ya daraja la pili, upande wa kulia, kuna kibanda cha mbao cha watu wanaoangalia ndege. Tulipumzika hapo mwezi wa saba. Waanzie hapo.

Sina la kuficha tena wala la kuongeza. Niliyoyaona ni haya, na nisiyoyaona pia nimeyasema.

Sahihi ya shahidi: N. Mwirigi
Saa tisa kasoro dakika tano mchana

MAELEZO YA AFISA

Nimemsomea shahidi maelezo haya kwa sauti naye amekubali kuwa ndivyo alivyosema. Fimbo moja yenye kitambaa cha kijani ilionyeshwa na kupigwa picha. Shahidi na Bw. Onyango wameomba kungojea kituoni. Wamekataa chai.

Nyongeza, saa kumi na dakika ishirini jioni. Nimepokea simu kutoka kwa wanaofanya msako. Bi. Thacienne Ndayizeye amepatikana hai katika kibanda cha watazama ndege. Aliteleza kwenye daraja la pili jana, akavunjika kifundo cha mguu, akajikokota hadi kibandani, ambako simu yake haikupata mtandao. Amepelekwa hospitali pamoja na binti yake. Alikuwa na andazi moja lililobaki.

Kwa mujibu wa aliyenipigia, Bi. Ndayizeye aliulizia kwanza goti la Bw. Onyango. Alisema hakungojea mtu jana, kwa kuwa alijua fimbo yake imeshafika gesti na Sajenti ameshaiona, kwa hiyo aliyagawa maandazi yake yamtoshe siku mbili.

Nimemweleza shahidi hayo. Aliomba karatasi irudishwe aandike mstari mmoja chini ya sahihi yake, kwa mkono wake. Nimemruhusu. Ameandika:

Mimi, Thacienne, Onyango, Cherono, Josaphat, Consolata. Watu sita. Nimewahesabu.