Barua Niliyomsomea Mama Njoki

Kamenu, Thika

Kwa kaka yangu Wafula,

Pokea salamu zangu kutoka huku. Mama anaendeleaje na miguu? Na mahindi, mmeshapalilia? Mimi mwili hauna shida, ni moyo tu.

Unamkumbuka Mama Njoki, yule jirani aliyenitafutia kazi kiwandani? Mwezi uliopita mtoto wake aliugua, akakosa kwenda kazini siku mbili. Aliporudi akapewa barua ya Kiingereza. Yeye hakusoma, kwa hivyo akaniletea.

"Nisomee, Nekesa. Wewe ulifika form two."

Ilikuwa mistari miwili tu. Ilisema yeye ni "summarily dismissed". Nikakumbuka shuleni: summary ni kufupisha habari. Na mwalimu alipomaliza paredi alisema "dismissed", tukaenda nyumbani. Nikamwambia, "Wamekupa likizo fupi umuuguze mtoto. Watakuita."

Alifurahi, kaka. Akanipikia chai, akakaa nyumbani wiki mbili akingoja kuitwa.

Alipochoka kungoja akaenda kuuliza. Askari wa geti akamwambia jina lake halimo tena. Ndipo nikaenda naye kwa mzee wa chama cha wafanyakazi. Aliisoma barua, akainua macho.

"Hapa wamesema amefutwa papo hapo, bila notisi. Hakuna likizo. Mbona hamkuja mapema? Wiki ile ya kwanza ningemtetea. Sasa mashine yake ina mtu mwingine."

Nikasema ni mimi niliyesoma vibaya. Mama Njoki alikunja barua, akaitia kwenye leso.

Jumamosi alihamia Kalimoni kwa dada yake, anachuma kahawa ya watu. Nilimbebea godoro mpaka stendi, nikamwomba msamaha.

"Nimekusamehe," akasema. "Lakini ungeniambia tu hujui, ningempelekea mtu mwingine."

Hayo maneno nalala nayo na kuamka nayo. Kwa kweli sikuwa na hakika siku ile. Niliona haya kusema.

Usimwambie mama. Najua huwaeleza wenzake wa kanisa kwamba binti yake anasoma Kiingereza.

Nisalimie mke wako, na shangazi anayeuza omena sokoni, na mjomba fundi wa baiskeli.

Ni mimi dada yako, ambaye bado yuko kazini,
Nekesa